Dawa za Kuamsha Homoni ya Ukuaji: Je, Huongeza Urefu na Nguvu?

Kijana anayetazamia kuandikishwa jeshini au katika polisi huogopa vitu viwili: mizani na kipimo cha urefu. Hofu hiyo ndiyo mlango wapitiao wauzaji wa vidonge na unga, wasemao kwamba bidhaa zao huuamsha mwili utoe homoni yake wenyewe ya ukuaji, hata mtu akarefuka na kutunisha misuli kwa miezi michache. Yafaa kila mzazi na kila askari aujue ukweli wa jambo hili kabla ya kutoa fedha yake.

Homoni ya ukuaji hutengenezwa na pituitari, tezi iliyo chini ya ubongo, ambayo ukubwa wake ni kama punje ya njegere. Tezi hii huitoa homoni kwa vipindi, na kipindi kikubwa huja mara mtu anapozama katika usingizi mzito. Sehemu ya ubongo iliyo juu yake huitawala kwa wajumbe wawili: mmoja huamrisha homoni itoke, mwingine huizuia. Mjumbe wa kuzuia alitambuliwa mwaka 1973, na yule wa kuamrisha mwaka 1982. Kisha mwaka 1999 wataalamu wa Japani, Masayasu Kojima na Kenji Kangawa, walitangaza kumgundua mjumbe mwingine, grelini, atokaye tumboni, ambaye huamsha homoni hiyo na pia huleta njaa.

Dawa tunazozizungumzia huwaiga wajumbe hao wa kuamsha, na baadhi yake zina kazi hospitalini. Tesamorelini iliruhusiwa nchini Marekani mwaka 2010 kupunguza mafuta yaliyorundikana tumboni kwa watu wenye virusi vya UKIMWI. Masimorelini iliruhusiwa huko mwaka 2017 kwa kupima kama tezi ya mtu mzima hutoa homoni ya kutosha. Lakini dawa kuruhusiwa kwa ugonjwa fulani si ruhusa kwa kila atakaye kifua kipana.

Tuitazame ile iitwayo ibutamoren, au MK-677, ambayo huuzwa kwa njia ya intaneti ingawa haijaruhusiwa kuwa tiba. Mwaka 2008 yalitolewa matokeo ya uchunguzi wa miaka miwili, uliofanywa Marekani kwa watu 65 wenye umri wa miaka 60 hadi 81. Homoni yao iliongezeka kweli, na katika mwaka wa kwanza uzito wa mwili usio mafuta ulizidi kwa kilo moja hivi. Hata hivyo nguvu zao hazikuongezeka, na sukari katika damu ilipanda. Uchunguzi mwingine, wa wagonjwa waliovunjika nyonga, ulisimamishwa kabla ya wakati kwa sababu ya dalili za moyo kushindwa kazi.

Na urefu je? Mifupa mirefu hurefuka kwa sababu ya tabaka za gegedu zilizo karibu na ncha zake. Kubalehe kunapokwisha, tabaka hizo hugeuka kuwa mfupa mtupu. Tangu hapo hakuna homoni, ya mwili wala ya dukani, iwezayo kumrefusha mtu.

Wanariadha wa majeshi nao wajihadhari. Dawa zote za namna hii zimepigwa marufuku na shirika la dunia la kupambana na dawa za kuongeza nguvu michezoni, wakati wa mashindano na hata nje ya mashindano.

Kwa watoto wetu, jambo kubwa liko jikoni. Mtoto mwenye utapiamlo mkali mara nyingi huwa na homoni ya ukuaji nyingi katika damu, na bado hakui. Kwa maana ini lililokosa chakula haliitikii amri ya homoni hiyo. Amri bila posho haijengi kambi. Basi fedha ya kununua unga usiojulikana heri inunue maharage, dagaa, mayai na maziwa.

Usingizi nao ulindwe. Homoni hii hufuata usingizi zaidi kuliko saa ya ukutani. Kwa hiyo askari aliyetoka lindo la usiku aachwe alale kwa utulivu mchana, na watoto wasikeshe. Mazoezi mazito nayo huiamsha homoni bila gharama.

Mtoto akionekana kudumaa kuliko wenzake, apelekwe zahanati apimwe urefu, na kipimo kirudiwe baada ya miezi sita. Daktari akiona ukuaji umesimama, atamchunguza, na upungufu wa homoni ukithibitishwa, tiba yake ipo. Lakini tiba hiyo huhitaji tabaka za gegedu zilizo hai bado. Mzazi atakayepoteza miaka kwa kununua vidonge vya mitaani huenda akafika hospitalini wakati zimekwisha kufunga.