JUA MAJI YALIYOBAKI BILA KUFUNUA TANGI

Kiangazi kilichopita mama mmoja alimleta mtoto wake hapa zahanati. Mtoto alikuwa anaharisha na kutapika. Macho yake yalikuwa yameingia ndani. Nilishangaa, kwa sababu nyumbani kwao wana tangi la maji ya mvua. Mama akaniambia, "Mganga, maji ya tangi yaliisha ghafla. Tukaenda kuchota bwawani."

Mtoto alipona. Lakini maji ya tangi hayaishi ghafla. Hupungua kila siku, ila hatuyaoni. Leo tujifunze kuyapima.

Usipime kwa fimbo

Watu wengi hufunua tangi na kutumbukiza fimbo. Fimbo hiyo ndiyo ya kuchungia ng'ombe. Uchafu wake hubaki katika maji ya kunywa. Tena kifuniko kikiachwa wazi, mbu huingia na kutaga mayai. Mbu aenezaye homa ya dengi hupenda sana maji yaliyotulia ya namna hii. Mtoto naye anaweza kuchungulia akatumbukia. Kwa hiyo tangi lifunikwe wakati wote. Tupime tukiwa nje.

Vifaa

Tafuta chupa ya plastiki ya lita moja na nusu, yenye kizibo kinachobana. Iwe chupa ya maji ya kunywa. Usitumie kamwe chupa iliyotiwa dawa ya pamba au mafuta ya taa. Tafuta pia kamba nyembamba ya nailoni, kipande cha chuma cha robo kilo, ubao mrefu kama tangi, na kapi mbili ndogo, yaani vigurudumu vya kupitishia kamba.

Jinsi ya kutengeneza

Fanya kazi hii kabla ya mvua kuanza, wakati maji yamekoma kutoka bombani.

1. Tia nusu lita ya maji safi ndani ya chupa. Funga kizibo kwa nguvu. Funga kamba kwenye shingo ya chupa. Chupa iwe nzito kuliko chuma, lakini iweze kuelea.

2. Toboa tundu dogo juu ya tangi. Kamba ipite bila kukwama, lakini mbu asipite. Teremsha chupa ndani kwa kamba. Wewe usiingie ndani ya tangi.

3. Weka kapi ya kwanza juu ya tundu, na ya pili ukingoni mwa tangi. Pitisha kamba juu yake iteremke nje.

4. Simamisha ubao kando ya tangi. Usipigilie misumari kwenye tangi, litavuja.

5. Funga chuma kwenye ncha ya kamba, kining'inie karibu na ncha ya juu ya ubao. Hapo andika 0. Kisha shuka chini ukiweka alama kila sentimita 10. Andika 1, 2, 3 hadi mwisho.

Kumbuka: maji yakipanda, chuma hushuka. Maji yakipungua, chuma hupanda. Kwa hiyo chuma kikiwa juu usifurahi. Maji yamekwisha!

Fanya hesabu

Tuseme tangi lako ni la mviringo, na upana wake ni mita 2. Kila alama moja ni lita 314, yaani zaidi kidogo ya ndoo 15 za lita 20. Ukitumia ndoo 2 kwa siku, alama moja inatosha juma moja. Ukitumia ndoo 3, inatosha siku 5 tu.

Sasa hesabu majuma yaliyobaki mpaka mvua. Kama ni majuma 12 na chuma kiko kwenye 8, anza kubana matumizi leo. Maji ya tangi yawe ya kunywa na kupikia. Ya kufulia yatafutwe kwingine.

Kila Jumapili andika tarehe na namba katika daftari. Namba ikishuka upesi kuliko unavyochota, tangi linavuja. Isiposhuka kabisa na wewe unachota, kamba imekwama.

Maji ya kunywa uyachemshe hata kama ni ya mvua, kwa maana paa lina vumbi na mavi ya ndege.

Ndugu msomaji, umekwisha jua kusoma na kuandika namba. Namba hizo zisiishie darasani. Ziandike kwenye ubao wa tangi lako, zilinde watoto wako.

Jadilianeni darasani

1. Tangi la jirani limebaki na alama 5. Mvua iko mbali kwa majuma 10. Mtamshauri nini?

2. Katika kijiji chenu, nani bado anapima maji kwa fimbo?