Fahamu: Majina ya Gida- kutoka Hanang hadi ughaibuni

Kwa Wadatoga, wakiwemo Wabarbaig wa Hanang, majina mengi ya wanaume huanza na Gida- na ya wanawake Uda-. Kwa asili haya si majina ya ukoo, ni ya mtu mmoja. Hugeuka kuwa majina ya mwisho mtoto anapoandikishwa shuleni kwa jina la baba au babu, ndiyo maana watu wa damu moja wanaweza kutofautiana majina ya mwisho kwenye pasipoti.

Riadha ndiyo iliyoyavusha majina haya mipaka. Mwanariadha Gidamis Shahanga alishinda marathoni ya Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edmonton, Kanada, 1978, kisha mita 10,000 mjini Brisbane, Australia, 1982.