Mlima Mmoja, Wenyewe Wengi

Ukipita Lugulu kuelekea Kitale utaona boma baada ya boma limezungushiwa ua wa saipresi, na mbele yako Mlima Elgon. Nyua hizo zilinusurika kwa shida, na vijana wengi hawajui hivyo. Mwaka 1990 kidukari wa saipresi aliingia Kenya. Alikuwa ameonekana Malawi mwaka 1986, akapanda kaskazini nchi baada ya nchi bila kugongewa muhuri mpakani. Mdudu huyu hufyonza utomvu, na mate yake ni sumu kwa mti: matawi hugeuka kahawia, kisha mti mzima hukauka ungali umesimama. Mashamba ya miti ya serikali, ua wa mkulima, hata mtarakwa wa asili, vyote vilishambuliwa.

Dawa haikuwa jibu. Nani angenyunyizia msitu mzima? Watafiti walitafuta adui wa kidukari huko Ulaya, wakapata nyigu mdogo aitwaye Pauesia juniperorum, anayetaga yai ndani ya mwili wa kidukari. Aliachiliwa kwanza Malawi mwaka 1994, na Kenya nayo ikamfuga na kumwachilia kupitia taasisi yake ya utafiti wa misitu, KEFRI. Vidukari hawakwisha, ila makali yao yalipungua. Hilo liliwezekana kwa sababu serikali kadhaa zilikubali kuwa ugonjwa wa miti ya Malawi ni ugonjwa wa miti ya Kenya.

Kwa moto wa msituni hatujafika hapo. Mti uliokauka umesimama ni kuni zinazongoja kiberiti, na kati ya Januari na Machi kiberiti hakikosekani: mrina asali aliyeacha moshi wake, mchungaji anayetaka nyasi changa, mkulima anayesafisha shamba. Marufuku ya kukata miti ya Februari 2018 ililenga wizi wa mbao, lakini iliacha pia miti iliyokomaa ikizeekea mashambani, nayo ikawa kuni zaidi.

Sasa hesabu wenyewe wa mlima huu. Msitu wa hifadhi uko chini ya Huduma ya Misitu, KFS. Mbuga ya taifa, kilomita za mraba 169 zilizotengwa mwaka 1968, iko chini ya Huduma ya Wanyamapori, KWS. Kazi ya zimamoto, kwa Katiba ya 2010, ni ya kaunti, na mlima huu una kaunti mbili upande wa Kenya. Ng'ambo ni Uganda, yenye mbuga yake tangu 1993. Jumuiya ya Afrika Mashariki iliwahi kuziketisha nchi hizo mbili pamoja kupitia mradi wa MERECP, kwa fedha za Norway. Wazo zuri, ingawa ulinzi wa mlima wetu haufai kutegemea mfuko wa Oslo.

Moto ukizuka, anayefika kwanza ni mwanakijiji mwenye panga na tawi bichi. Sheria ya Misitu ya 2016 inavitambua vyama vya jamii za misituni, lakini kutambuliwa hakumpi mtu buti wala maji ya kunywa.

Magavana wa Bungoma na Trans Nzoia, KFS, KWS na wenzao wa Uganda waandikiane kabla ya Desemba: nani apigiwe simu kwanza, gari la nani litoke, na chakula cha wanaozima kilipwe na nani. Nawe mwenye boma, ua wako ukianza kuwa kahawia, mwite afisa wa misitu kabla hujaugeuza kuni.