Mkojo Hausemi Uongo

Wahenga walinena kuwa njia ya mwongo ni fupi. Hebu, msomaji mpenzi, tuone jinsi kemia inavyozidi kuifupisha.

Wako watu ambao wakiitwa kupimwa dawa za kulevya, au zile za kututumua misuli, huja na mkojo usio wao. Mmoja huazima wa rafiki, mwingine hutia maji ya manjano chupani. Ati mkojo ni mkojo tu. La hasha!

Kwanza ni joto. Mkojo uliotoka mwilini sasa hivi huwa kati ya nyuzi 32 na 38 za Selsiasi. Hupimwa kabla ya dakika 4 kwisha, maana ukikaa hupoa.

Pili ni kreatinini, taka itokayo kwenye misuli na kutolewa na figo kila siku. Hata ukinywa mtungi mzima wa maji, haiishi. Kanuni za Marekani za kupima wafanyakazi zasema hivi: kreatinini ikiwa chini ya miligramu 2 kwa desilita, na uzito wa mkojo ukilinganishwa na maji usipite 1.0010 ama ufike 1.0200, huo si mkojo wa kawaida wa binadamu. Mjanja akitia kreatinini ya kununua, maabara yaweza kutafuta asidi ya yuriki, ambayo mara nyingi huisahau.

Je, mkojo wa kuazima? Huo, usipopoa, waweza kupita mitihani hii yote. Hapo wataalamu hutazama homoni, kwani kila mtu ana viwango vyake. Mwaka wa 1992 Wajerumani Katrin Krabbe, Grit Breuer na Silke Möller walipimwa Afrika Kusini. Maabara ya Köln ikakuta chupa zao tatu zinafanana kama shilingi kwa ya pili! Walifungiwa, lakini adhabu ikaondolewa kwa sababu ya kasoro za kanuni na taratibu. Kumbe kemia peke yake haitoshi. Ndiyo maana siku hizi mwanariadha hutazamwa akikojoa, na chupa hufungwa mbele ya macho yake.

Ni aibu? Labda. Lakini wewe unayeamka alfajiri kukimbia, chupa hiyo ndiyo shahidi wako. Asiye na hatia haogopi kupimwa, na jasho lake haliibiwi na mwizi wa medali.