Cherehani Kuukuu, Nguo Tabaka Tatu

Kamina ni mji wa njia panda. Reli itokayo Lubumbashi hugawanyika hapo: moja huelekea Kananga na kufika bandari ya Ilebo kwenye mto Kasai, nyingine huelekea Kabalo na kuishia Kalemie, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika. Ya kwanza ilikamilika mwaka 1928, ya pili mwaka 1956, na tangu mwaka 2015 mji huu ni makao makuu ya mkoa wa Haut-Lomami. Penye reli hapakosi soko, na penye soko hapakosi fundi wa nguo. Chini ya meza ya fundi huyo huanguka vipande vya bikwembe, yaani vitenge, kutwa nzima: pembe iliyokatwa kwenye mkono wa blauzi, ukanda uliobaki kwenye sketi, kipande cha ua kisichotosha hata mfuko.

Vipande hivyo ni mali. Kamina iko kwenye uwanda wa juu, mita 1,100 hivi kutoka usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai huwa na baridi ya kutafuta kitu cha kujifunika. Vipande vikiunganishwa vikawa uso wa juu, pamba ikatandazwa katikati, kitambaa kizima kikawekwa chini, kisha tabaka zote tatu zikashonwa pamoja, linapatikana blanketi la viraka. Kazi ya kuunganisha vipande si ngeni Kongo. Wakuba wa Kasai, kwa vizazi vingi, wameshona sketi ndefu za sherehe kwa vipande vya nguo ya rafia, wakizipamba kwa viraka vya kushonea juu.

Kinacholalamikiwa ni mashine. Utasikia kwamba cherehani ya zamani ni ya nguo nyepesi. Ukiipa blanketi inakata uzi, inaruka mishono, inakunja nguo. Ukweli ni kwamba cherehani ya chuma cha kusubu inayoendeshwa kwa miguu ina nguvu ya kutosha kwa kazi hiyo, na haingoji umeme katika nchi ambayo takriban mtu mmoja tu kati ya watano ndiye mwenye umeme nyumbani. Kinachoishinda ni kurekebishwa kwa kubahatisha. Anayeelewa jinsi mshono unavyozaliwa ataona kwamba karibu kila kasoro ina mahali pake pa kutafutwa.

Kitanzi chini ya bamba

Elias Howe alipata hataza ya cherehani yake Marekani mwaka 1846, na Isaac Singer akapata ya kwake Agosti 1851. Aina ya 15 ya kampuni ya Singer, iliyozaliwa karne hiyohiyo ya 19, ndiyo iliyoenea kuliko nyingi. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia viwanda vya Japani viliinakili, na cherehani za Kichina za nyumbani, zikiwemo za chapa ya Kipepeo kutoka Shanghai, zikafuata umbo lilelile. Kwa hiyo fundi aliyeielewa moja ameelewa ukoo mzima.

Mshono wa mashine hizi una nyuzi mbili, wa juu na wa bobini. Sindano hushuka na uzi wa juu mpaka mwisho wa safari yake, kisha huanza kupanda. Katika milimita mbili na nusu hivi za kwanza za kupanda ndipo kila kitu kinapoamuliwa. Upande mmoja wa sindano kuna mfereji mrefu ambao uzi hupita bila kusuguana na nguo. Upande wa pili hauna mfereji huo, hivyo uzi unabanwa na nguo. Sindano inapanda lakini uzi haupandi nayo, na kwa kukosa pa kwenda unatokeza pembeni kama kitanzi kidogo. Ncha ya ndoana inapita wakati huohuo, inakidaka kitanzi, inakizungusha kwenye bobini, na mkono wa kuvuta uzi ulio juu unakaza fundo. Mshono umekamilika.

Kutokana na hapo ugonjwa wa kuruka mishono unaeleweka. Mshono ukirukwa, ama kitanzi hakikutokea, ama ndoana ilikikosa. Kwenye blanketi sababu ya kwanza ndiyo ya kawaida. Pamba ni laini. Sindano inapopanda hunyanyua nguo pamoja nayo, na nguo ikipanda na sindano hakuna kinachobaki kuubana uzi, kwa hiyo kitanzi hakitokei.

Anza na sindano. Itoe iliyomo, weka mpya, isukume hadi mwisho wa tundu kabla ya kukaza skrubu. Mfereji mrefu utazame upande ambao uzi unaingilia; upande bapa utazame ndoana. Halafu angalia namba. Sindano namba 80 ina unene wa milimita 0.80, namba 100 ina milimita 1.00. Tofauti inaonekana ndogo, lakini ugumu wa kijiti dhidi ya kupinda hukua kwa kipeo cha nne cha unene wake: sindano namba 100 ni ngumu mara mbili na nusu hivi kuliko namba 80. Kwenye tabaka tatu, sindano nyembamba inapinda kidogo inapopita, inafika chini ikiwa imehama, na ncha ya ndoana inapita mbali na kitanzi. Namba 90 au 100 inafaa kwa vitenge na pamba.

Ikiwa sindano ni sahihi na mishono bado inaruka, hapo ndipo pa kuchunguza majira ya ndoana. Kwenye fimbo ya sindano ya Singer nyingi za aina ya 15 kuna alama mbili zilizochorwa na kiwanda. Sindano ikiwa chini kabisa, alama ya juu inalingana na ukingo wa bomba ambamo fimbo inateleza. Zungusha gurudumu la mkono kuelekea kwako polepole mpaka alama ya chini ifike ukingoni: wakati huo ncha ya ndoana inatakiwa iwe nyuma ya sindano, juu kidogo ya jicho lake. Isipokuwa hivyo, huenda fimbo imehama.

Fundo likae ndani ya pamba

Uzi wa juu hubanwa na visahani viwili na springi. Uzi wa bobini hubanwa na kipande chembamba cha chuma kwenye kikasha chake, chenye skrubu ndogo kabisa. Nyuzi zikivutana kwa nguvu zinazolingana, fundo linajificha katikati ya nguo. Kwenye kitenge kimoja nafasi ya kujificha ni ndogo mno. Blanketi la tabaka tatu lina nafasi kubwa zaidi, lakini uzi una safari ndefu zaidi na msuguano mwingi zaidi njiani, hivyo mvutano uliofaa kwa blauzi huenda usifae hapa.

Pima chini kwanza. Shika ncha ya uzi, kikasha cha bobini kining'inie hewani. Kikianguka chenyewe, uzi umelegea. Ukitikisa mkono na kisisogee hata kidogo, umebana kupita kiasi. Kikishuka sentimita chache kwa kila mtikiso na kusimama, kiache, usikiguse tena. Marekebisho mengine yote yafanyike juu, kwa robo ya mzunguko kila mara, ukijaribia kwenye kipande chenye tabaka zilezile tatu na pamba ileile.

Kasoro moja huwadanganya wengi. Nyuzi zikijikusanya kama kiota chini ya nguo, mkono hukimbilia skrubu ya bobini. Lakini uzi unaoonekana chini ni uzi wa juu uliokosa kuvutwa. Mara nyingi haukuingia kati ya visahani, kwa sababu ulitungwa wakati mguu wa kukandamiza umeshushwa na visahani vimefungana. Nyanyua mguu, tunga uzi upya, kisha ushushe. Katika visa vingi tatizo linaisha hapo bila bisibisi.

Meno yanasukuma chini, mguu unazuia juu

Meno ya cherehani yanashika tabaka ya chini tu. Ya juu inasuguliwa na mguu usiosogea, kwa hiyo inachelewa kidogo kila mshono. Tuseme mshono ni wa milimita 2.5 na tabaka ya juu inachelewa kwa milimita 0.05 tu. Mita moja ina mishono 400. Mwisho wa mita hiyo uso wa blanketi umebaki nyuma kwa sentimita mbili. Hiyo ndiyo mikunjo unayoikuta pembeni, hata kama mikono ilikuwa na uangalifu.

Msuguano hufuata mgandamizo, na mgandamizo unapunguzwa kwa skrubu iliyo juu ya fimbo ya mguu. Ilegeze kidogo kidogo mpaka tabaka zipite pamoja, lakini usiimalize; mguu ukikosa uzito kabisa, nguo itapanda na sindano na mishono itaanza kuruka tena. Refusha mshono hadi milimita 3. Bana tabaka zote kwa pini au kwa mishono mirefu ya mkono, kisha shona kuanzia katikati kwenda nje, ili hitilafu ndogo zitoke ukingoni badala ya kukusanyika. Ukitaka kushona maua na mizunguko, shusha meno kama mashine yako ina kitufe cha kuyashusha, au yafunike kwa bamba jembamba lenye tundu la sindano, na nguo uisogeze mwenyewe kwa mikono. Hapo pedali ya miguu inaishinda mota ya umeme kwa wengi, kwa sababu mwendo wake unaweza kushushwa mpaka mshono mmoja mmoja.

Mafuta, vumbi na hewa

Mashine nyingi zinazodaiwa kufa zimeganda tu. Mafuta ya miaka mingi hukauka na kuwa gundi. Tone la mafuta ya taa kwenye kila kiungio, zungusha gurudumu, pangusa, kisha tia mafuta ya cherehani. Mawese na mafuta mengine ya kupikia yasikaribie: huganda kwenye baridi, hushika vumbi la kiangazi na kurudisha gundi ileile. Blanketi moja hutoa manyoya mengi ya pamba, kwa hiyo kikasha cha bobini kisafishwe kwa brashi kila bobini inapokwisha. Mkanda wa ngozi ukilegea, ufupishe.

Vitenge navyo vioshwe kabla ya kukatwa. Kitambaa kipya cha pamba kina wanga na bado hakijarudi. Viraka viwili vikirudi kwa viwango tofauti baada ya kushonwa, uso mzima utavutana.

Jambo la mwisho ni umbali kati ya mistari ya mshono. Kinachompa mtu joto ni hewa iliyotulia ndani ya pamba, nayo hupitisha joto polepole sana. Kila mstari unaibana pamba na kuifukuza hewa. Mistari ikibanana, blanketi linakuwa bamba gumu lisilo na joto. Ikiachana mno, pamba inahama na kujikusanya pembeni baada ya kufuliwa. Sentimita nane hadi kumi ni kipimo kizuri cha kuanzia kwa pamba ya kawaida.

Kwa hiyo, kabla ya kuuza Singer au Kipepeo ya zamani kwa bei ya chuma chakavu, ibadilishie sindano, ipanguse, ipime kwa kipande cha tabaka tatu. Na wanaofundisha ushonaji, Kamina na kwingineko, wawafundishe vijana kitanzi, mvutano na mgandamizo siku zilezile wanazowafundisha kukata blauzi. Kijana anayejua kushona tu husimama siku mashine inaposimama. Anayejua kuirekebisha ana kazi mbili mkononi.