Kompyuta ya Kuandikia Nota: Kasi Yatoka Wapi?

Mtunzi aongezapo nota moja katikati ya utungo, kazi ya kompyuta haiishii hapo. Programu hulazimika kupima upya nafasi kati ya nota, kusogeza maneno ya wimbo, na pengine kuupeleka mstari mzima ukurasa unaofuata. Hatua nyingi za kazi hii hutegemeana: ya pili hungoja ya kwanza ikamilike. Ndiyo maana kichakataji chenye viini vingi vizito huweza kushindwa na chenye viini vichache vyepesi. Programu ya Sibelius, iliyotolewa mwaka 1993 kwa kompyuta za Acorn, ilisifika kwa wepesi ingawa mashine hizo zilikuwa na kiini kimoja tu.

Kuusikiliza utungo ni jambo jingine. Sauti za ala zilizorekodiwa hujaza kumbukumbu. Okestra kamili yaweza kudai gigabaiti 32 au zaidi. Mwalimu wa kwaya ya sauti 4 hana haja ya gharama hiyo: kwa kawaida gigabaiti 8 humtosha.

Kabla ya kulipa, yafaa afungue utungo wake mrefu kuliko wote, aongeze nota moja ukurasa wa kwanza, kisha ahesabu sekunde.