Kuonyesha Nusukipenyo cha Tao katika Mchoro wa Kompyuta

Mchoro wa kihandisi hauchorwi ili upendeze macho. Huchorwa ili fundi ambaye pengine hatamwona mchoraji aweze kutengeneza kitu kilekile kilichokusudiwa. Kwa sababu hiyo umbo peke yake halitoshi. Hapana budi vipimo viandikwe, tena viandikwe mahali ambapo haviwezi kueleweka kwa namna mbili. Miongoni mwa vipimo hivyo, nusukipenyo cha tao huhitaji uangalifu wa pekee.

Tao ni sehemu ya mzingo wa duara, na nusukipenyo ni umbali kutoka kitovu cha duara hilo hadi kwenye tao. Kanuni za kimataifa za uchoraji zaagiza kwamba nusukipenyo kionyeshwe kwa mstari mwembamba wenye kichwa kimoja tu cha mshale, kinachogusa tao, na kwamba herufi R itangulie namba. Kipenyo hutanguliwa na alama Ø. Aidha, mstari wa nusukipenyo sharti uelekee kitovuni.

Mwaka 1963 Ivan Sutherland, wa chuo cha MIT nchini Marekani, alieleza programu yake iitwayo Sketchpad, iliyomwezesha mtu kuchora moja kwa moja kwenye kioo cha kompyuta. Mwaka 1982 ilitolewa AutoCAD, iliyotumika katika kompyuta ndogo za mezani. Katika programu za namna hii, tao huhifadhiwa kama namba: mahali pa kitovu, nusukipenyo, pembe ya mwanzo na pembe ya mwisho. Basi kompyuta haipimi nusukipenyo kwa rula. Hukisoma katika kumbukumbu yake. Kazi inayobaki kwa mchoraji ni kuchagua mahali pa kukiandika.

Tuchukue mfano wa bamba la chuma lenye upana wa milimita 120. Ukingo wake wa juu, kutoka kona hadi kona, ni tao lenye nusukipenyo cha milimita 400. Kwa kanuni ya Pythagoras, kitovu kiko milimita 395.5 chini ya mstari unaounganisha kona hizo, na tao limeinuka juu ya mstari huo kwa milimita 4.5 tu. Karatasi ya A4 ina urefu wa milimita 297. Mchoro ukiwa wa ukubwa halisi, kitovu hakiwezi kuingia katika karatasi hiyo. Hapo hutumika mstari uliopindwa mithili ya herufi Z, lakini kipande chake kinachogusa tao lazima kielekee kwenye kitovu halisi.

Tao hilo limo ndani ya nyuzi 17 hivi tu. Mchoraji akiweka kipimo nje ya nyuzi hizo, mshale haupati tao la kugusa. Baadhi ya programu huongeza mstari mwembamba unaoendeleza mviringo wa tao, lakini ni afadhali kukirudisha kipimo ndani ya nyuzi zake, fundi asije akaudhani mstari huo kuwa ukingo wa chuma.

Kona mbili za chini za bamba zimeviringwa kwa nusukipenyo cha milimita 6. Humo namba haienei. Kwa hiyo namba na mshale huwekwa nje, mshale ukielekea kitovuni kama kawaida. Kwa kona ya mraba, mshazari wa nyuzi 45 hufaa aghalabu. Kona zikilingana, yatosha kuandika mara moja: 2×R6.

Je, kosa dogo laweza kuleta hasara gani? Fundi akidhani kwamba 400 ni kipenyo, atatumia nusukipenyo cha milimita 200. Ukingo utainuka milimita 9.2 badala ya 4.5, na bamba halitaingia mahali pake. Hatari nyingine ni kufuta namba iliyotolewa na kompyuta na kuandika nyingine bila kurekebisha umbo lenyewe. Mashine ya kukata inayoongozwa na kompyuta hufuata umbo lililohifadhiwa, wala haisomi maandishi. Mchoro utasema hili, chuma kitakatwa vile.

Mwalimu asiye na kompyuta anaweza kulifundisha jambo hili kwa bikari na rula. Wanafunzi wachore mstari wa milimita 120, kisha juu yake tao lenye nusukipenyo cha milimita 100 likiunganisha ncha zake mbili. Kitovu kitakuwa milimita 80 chini ya mstari, na tao litainuka milimita 20. Kila mwanafunzi achague mahali pake kwenye tao na aweke mshale wa nusukipenyo, kisha auendeleze mstari wake kwa rula. Mistari yote iliyochorwa sawasawa itakutana kwenye kitovu. Ule utakaopita kando ndio wa kusahihishwa.